Pua ya Mama Godi

Njombe,
6 Oktoba 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Najua ukiona bahasha utauliza nani amekufa, kwa hiyo nakutoa wasiwasi mapema: hakuna aliyekufa wala anayeumwa. Mkweo Brenda ni mzima, mjukuu wako Elinipendo ni mzima kupita kiasi, na hapa kiwanda cha chai bado hawajanichoka. Naandika kwa sababu juzi nilikuuliza kwenye simu habari za gari, ukanijibu kwamba amezaa dume. Nilikaa muda kabla sijaelewa kwamba ulisikia nauliza habari za ng'ombe. Basi turudi kwenye utaratibu wa marehemu baba: simu ni ya salamu, mambo ya maana yaandikwe.

Jambo lenyewe ni hili. Krismasi tunakuja nyumbani wote watatu. Tukishamaliza kula nyama na kuzunguka kwa ndugu, nataka tuitoe ile Landrova ya baba bandani twende Ziwa Jipe, kama alivyokuwa akitupeleka kila Januari. Wewe utakaa mbele, mahali pako. Nimemsimulia Elinipendo kwamba babu yake alikuwa na nyumba yenye magurudumu, ina kitanda cha kukunja, jiko, na bomba lake la maji ubavuni. Hakuniamini. Amewaambia watoto wenzake kwamba baba yake ni mwongo.

Mama, tangu niandike neno Jipe nasikia harufu ya turubai lililopigwa na jua. Namwona baba alfajiri na lile koti lake la kijani, anachemsha chai, na mlima wetu uko kule ng'ambo ya maji, mkubwa kuliko tunavyouona tukiwa miguuni pake. Huku Njombe kuna ukungu kama wa Uru, lakini ukiondoka hakuna kitu nyuma yake. Nimekumbuka nyumbani, Mama. Nimekumbuka sana.

Injini haina neno. Mzee Rajabu wa Njoro huwa anapanda kuiwasha, na anasema bado inanguruma vizuri. Wasiwasi wangu ni lile tangi la maji la chini ya kitanda, alilomchomelea baba yeye mwenyewe. Ni karibu miaka miwili halijaguswa, na nadhani baba aliliacha limejaa. Maji yakilala ndani ya tangi huota utelezi, hata kama unapoyakinga unayaona meupe. Elinipendo ana miaka minne na hana tabia ya kuuliza kabla ya kunywa. Naomba umwambie Mzee Rajabu afungue koki ya chini, ayamwage yote, alitie jiki ya kuua vijidudu na kulisuuza vizuri kabla hatujafika.

Nakusalimia sana. Msalimie jirani yetu Beatrice.

Mwanao,
Godbless


Uru,
19 Oktoba 2024

Mwanangu Godbless,

Marahaba. Barua yako Beatrice aliichukua posta, akakaa nayo siku mbili amefunikia jagi la maziwa. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza haraka haraka nione nani amekufa, maana ulivyosema hakuna ndipo nikazidi kuogopa.

Nimefurahi mnakuja. Nimekwisha kuchagua mkungu wa ndizi mshare za mtori, naupiga jicho kila nikipita, na nimemwambia baba yako mdogo Gidioni kwamba beberu yule mweusi asimuuzie mtu. Brenda mwambie aje na sweta, mwaka jana alitetemeka kama kifaranga. Simu hizi msinilaumu, zinanilia kama mbu tu sikioni.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kuzibua mfongo, mfereji wote ulikuwa umejaa majani. Siku hizi wanaotokea na majembe ni wazee na wanawake, vijana wote wako kwenye mapikipiki, lakini maji yamekuja, yanapita pale nyuma ya migomba yanapiga kelele kama zamani. Kahawa mwaka huu imezaa kidogo lakini punje ni nene. Ndama ni dume kweli, sikuota.

Jipe nitakwenda. Magoti yananiambia nikatae lakini siyasikilizi. Gari liko palepale bandani, kuku mmoja amefanya kiti cha dereva kuwa kiota na sijamfukuza, maana anatagia vizuri. Tangi usilihangaikie. Tangi halina shida. Tutabeba maji kwenye yale madumu ya njano kama watu wengine. Baba yako alikuwa anapenda makuu na hilo tangi lake.

Mimi ni mzima. Tumbo linasumbua kidogo siku hizi, nadhani ni maharage.

Mama yako,
Salvina


Njombe,
3 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Umeniandikia kurasa tatu, ng'ombe amepata sehemu yake, mfongo umepata sehemu yake, hata kuku wa kwenye kiti cha dereva ametajwa kwa heshima. Tangi limeambulia mistari minne. Nakujua. Ukitaka kuficha kitu unazungumzia mifugo. Niambie ukweli: umeliuza gari?

Kama hujaliuza, habari ya madumu tuiache. Hata tukijaza gari zima kwa madumu, ile koki ya ubavuni itakuwa palepale, kimo cha mtoto. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiifungua kila mgongo wenu ukigeuka. Nilikuwa naona ni muujiza, gari linalotoa maji. Elinipendo ataifungua kabla sijazima injini. Siwezi kumpeleka Jipe kwenye gari lenye maji mabovu, na siwezi kulala huko nikiilinda koki.

Kama kazi inakuchosha, acha, nitaifanya mwenyewe nikifika. Ila nipe kipimo cha baba. Nakumbuka vipande vipande tu. Nakumbuka kikombe cha bati. Nakumbuka harufu kama ya hospitali. Na nakukumbuka wewe umepiga magoti kando ya koki, kitambaa cha kichwa kimesukumwa nyuma, na baba amesimama na mpira wa maji anasema, "Mama Godi, leta pua."

Na hilo tumbo, nenda zahanati. Maharage umeyala miaka sabini bila kulalamika.

Mwanao,
Godbless


Uru,
14 Novemba 2024

Mwanangu Godbless,

Gari sijaliuza. Kalamu hii nimekaa nayo tangu Jumatatu. Nikaenda kumkatia ng'ombe majani, nikarudi, bado ilikuwa mezani inanitazama. Basi ngoja niseme.

Maji yaliyomo kwenye tangi ni ya baba yako. Aliyatia Jumapili ile ya mwisho kwa mikono yake, tuende nayo Jipe Jumatatu. Wewe ulikuja kwenye mazishi ukaona gari limepakiwa, mablanketi yamekunjwa, hata chumvi ipo. Unajua watu wanavyofanya baada ya msiba, kila mmoja anataka kukusaidia kusahau. Wakashusha mablanketi, wakashusha sufuria, koti la kijani akapewa mdogo wake. Maji hakuna aliyeyakumbuka. Nikayakumbuka mimi. Kila Jumapili nikitoka kanisani, kabla sijavua viatu vizuri, naenda bandani, nakinga kikombe kimoja, nakinywa nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya gari. Siyachemshi. Nikiyachemsha yatakuwa chai tu kama chai nyingine. Hiyo ndiyo ibada yangu ya pili na mchungaji haijui. Leo unaniambia niyamwage kama ya kuoshea vyombo. Godbless, siwezi.

Kipimo umeuliza, nitakupa, kwa sababu najua kwa moyo. Kwanza yanatoka yote yaliyomo, mpaka tone la mwisho. Kisha robo kikombe cha jiki, ile isiyo na manukato, unaichanganya kwenye ndoo ya maji safi. Usimimine jiki tupu ndani ya tangi, baba yako alisema huko ni kulichoma. Unamimina ndoo, unajaza tangi mpaka juu kwa mpira, unafungua koki zote, ya ndani na ya ubavuni, mpaka harufu ifike, halafu unafunga. Linalala hivyo mpaka asubuhi. Ukilimwaga, unamwaga kwenye lile shimo nyuma ya choo cha zamani. Upande wa mfongo kamwe, maana chini yetu wako watu wananyweshea ng'ombe na kumwagilia kabichi, na Gidioni angetusimamisha mbele ya ukoo mzima. Kisha unajaza maji safi, unamwaga, unajaza tena, mpaka harufu iishe.

Iishe kwa pua ya nani? Baba yako hakuwa na pua. Tangu ile ajali ya Same, usukani ulipompiga usoni, pua yake ilibaki ya kushikia miwani. Mtori ungeweza kuungua mbele yake akauliza chakula kitaiva saa ngapi. Ndiyo maana alikuwa ananiita. Nikisema bado, anamwaga na kujaza tena bila neno, mtu aliyebishana na mimi juu ya kila kitu kingine duniani. Nikisema sasa, anafunga kofia ya tangi, tunaondoka. Miaka yote ile gari halikutoka Uru mpaka mimi niseme.

Wiki ile nilikuwa Kibosho tangu Ijumaa, kwenye ubatizo wa mjukuu wa dada yangu. Niliporudi Jumapili jioni nilikuta tangi limejaa, kofia imefungwa, kikombe cha bati kimeoshwa na kufunikwa juu ya ngazi. Nikaona kazi imekwisha. Akasema amechoka, kesho mapema tunaondoka, akaingia kulala. Hakuamka.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, na usicheke. Katika huzuni yote ile nina swali moja la kijinga. Alimwita nani anuse? Unakumbuka alivyokuwa analiita gari lile nyumba ndogo yake, mbele ya wazee wa usharika, watu wanaangua kicheko. Na mimi nilikuwa nacheka. Lakini mara ile moja hakuningoja. Nikinywa yale maji nampenda na kumnunia papo hapo. Mwanamke mzima wa miaka sabini na moja, ananuna kwa ajili ya pua.

Zahanati Beatrice alinipeleka. Wamenipa vidonge. Usianze.

Mama yako,
Salvina


Njombe,
21 Novemba 2024

Mzee wangu Rajabu,

Shikamoo. Habari za Njoro, na habari za Mama Hafidhi na karakana?

Nakuandikia kwa sababu jambo lenyewe ni la nyumbani na najua simu yako huwa unaiweka sauti kubwa mafundi wote wakasikia. Mama amekuwa akinywa maji ya kwenye tangi la Landrova. Hayachemshi. Kila Jumapili kikombe kimoja, tangu msiba. Anasema ndiyo maji ya mwisho aliyoyatia baba, kwa hiyo hayatamwagwa. Tumbo limemshika, amefika mpaka zahanati, na bado ananiandikia kwamba ni maharage. Nilimpigia simu kumsihi aache, akaniambia ndama anaendelea vizuri.

Naomba upande Uru umwone kwa macho yako. Ukipata nafasi chungulia na tangi, uniambie hali yake. Ameandika na mambo mengine kuhusu siku ile baba alipolijaza, mambo ya wazee, sikuyafuata sana na hayana haraka. Shida yangu ni maji.

Mwanao,
Godbless


Njoro, Moshi,
30 Novemba 2024

Mwanangu Godi,

Marahaba. Barua yako niliisomea karakana. Nikazima mashine ya kuchomelea nikaisoma upya, nikawaambia mafundi wanywe chai, sikutaka wanione uso.

Jumatano nilipanda. Mama yako amepungua, kitenge kimemzunguka mara mbili. Akanipokea vizuri, kiburu cha ndizi na maziwa, anacheka, lakini anashika tumbo akidhani sioni. Alipokwenda kwa ng'ombe nikafungua kofia ya tangi nikamulika kwa tochi. Godi, kuta zimeota utelezi wa kijani kama jiwe la mfongo. Nimelitengeneza tangi lile kwa chuma kisichoshika kutu, lakini chuma hakizuii maji kuchoka.

Sasa nikuambie jambo ambalo halijanipa usingizi. Yale si maji ya baba yako.

Siku ya mazishi nilifika mapema na viti vya kuazima. Adhuhuri ikakaribia, nikataka kutawadha, mabomba yote ya nyumbani yamezungukwa na masufuria. Nikakumbuka tangi la baba yako Filemon. Nikafungua koki ya ubavuni, nikakinga, nikasukutua. Jiki! Kali, machozi yakanitoka. Watu wakadhani namlilia Filemon, na kweli nilikuwa namlilia, lakini kwa dakika ile ilikuwa jiki. Nikaona hapa watu mia wanatafuta maji ya kunywa, mmoja akigundua koki hii tutakuwa na msiba mwingine. Nikalimwaga lote kule kwenye shimo. Nikavuta mpira wa nyuma ya jiko, nikalijaza, nikamwaga, nikalijaza tena nilisuuze mara ya pili. Mara wakaita, jeneza linatoka. Nikafunga kofia, nikaenda kubeba. Toka hapo halikunijia tena akilini, na msibani pale sikuona kama ni jambo la kusema.

Kwa hiyo mama yako miaka miwili anakunywa maji ya bomba lake mwenyewe, niliyoyatia mimi Rajabu kwa mpira wa kumwagilia kahawa. Ningecheka kama isingekuwa yeye.

Niambie nifanye nini. Nikimwambia, namnyang'anya. Nisipomwambia, atakunywa tena kesho akitoka kanisani.

Mzee wako,
Rajabu


Njombe,
6 Desemba 2024

Mzee Rajabu,

Shikamoo. Asante kwa kunieleza. Barua yako nimemsomea Brenda pia.

Nakuomba usimwambie. Hana kingine cha baba anachoweza kukishika. Mwambie tangi linavuja, chuma kimechoka chini, lazima litolewe maji ili ulichomelee. Atakikasirikia chuma, sisi hatatukasirikia, na baada ya wiki mbili tutakuwa naye hapo hapo tumsahaulishe. Uongo huu ni wangu, wewe ni mjumbe tu.

Fanya mapema, kabla ya Jumapili nyingine kama inawezekana.

Mwanao,
Godbless


Uru,
14 Desemba 2024

Mwanangu Godbless,

Tangi halivuji.

Rajabu alipanda juzi Alhamisi. Anajua kuchomelea, kudanganya hajui. Anasema chuma kimechoka huku anatazama paa la banda. Nikainama chini ya gari, udongo mkavu kama unga. Nikamuuliza, linavujia wapi, mbinguni? Akasema linavuja polepole. Nikamwonea huruma, nikafikiri labda ni kweli na mimi ndiye sioni vizuri. Basi nikasema moyoni, kama maji haya lazima yatoke, huyu alikuwa rafiki yake, naye anywe kikombe kimoja cha kuagana. Nikaenda kumkingia.

Alikishika kwa mikono miwili. Hakunywa. Nikamwambia, kama unaona kinyaa sema. Akasema, "Shemeji, siwezi." Nikasema, "Huwezi nini? Maji ya Filemon huwezi?" Akakiweka kikombe chini kwenye ngazi akasema yote. Kutawadha, jiki, shimo, mpira wa nyuma ya jiko, jeneza.

Godbless, nilimfukuza. Mtu aliyembeba baba yako begani, nilimwambia atoke kwangu na asirudi. Akaondoka taratibu mpaka kwenye ua wa masale pale mpakani, akasimama pale amenipa mgongo, kofia yake mkononi. Na mimi nikawa nalia kwa hasira, nasema ovyo kama mtoto, nikapiga kelele Beatrice akasikia kwake. Nikasema, "Kumbe hata maji hakuniachia! Akamwita mtu mwingine amnusie, na maji yenyewe wala si yake!"

Rajabu akageuka. Akasema, "Amnusie nani?"

Nikamwambia. Ile hasira ya miaka miwili niliimwaga pale mpakani mbele ya Mwislamu wa watu, mambo ya Kibosho, kofia ya tangi, kikombe kimeoshwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Shemeji, Jumapili ile mchana Filemon alinipigia simu. Akaniambia ndiyo kwanza ametia jiki, kwamba amechelewa, kahawa ilimshika Jumamosi yote. Nikamtania, nikamwambia nije kesho asubuhi nikunusie? Akacheka. Akasema, 'Wewe pua yako imejaa moshi wa kuchomelea. Namngoja mwenyewe arudi. Asubuhi atanusa, akisema sasa ndiyo tunaondoka.'"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, maana sikio langu hili silitegemei, akaniinamia akalisemea karibu.

Hakumwita mtu, Godbless. Alikuwa ananingoja. Kikombe alikiosha kwa sababu alikuwa amekwisha kupimia jiki. Kila kitu nilikiona kwa macho yangu jioni ile nikakisoma kinyume, nikamnunia mtu aliyekuwa ananingoja.

Baada ya hapo maji hayakuwa na kazi tena. Koki ya chini niliifungua mwenyewe. Yalitoka ya kijani, mwanangu, na nyuzi nyuzi ndani, nikaona aibu na tumbo langu. Nikayaacha yaende kwenye migomba, ni maji tu. Rajabu akaingiza brashi ya mkono mrefu, akasugua. Jioni ile ile tukapima robo kikombe kwa kikombe cha bati, tukachanganya kwenye ndoo, tukajaza. Tulifungua koki ya ubavuni, harufu ikaja, nikarudi miaka thelathini. Nilikuona wewe umesimama pale bila suruali unataka kuchezea maji.

Rajabu akalala kwa Gidioni, hakutaka kuteremka halafu apande tena. Jana asubuhi akamwaga kwenye shimo, akavuta mpira, akajaza. Nikapiga magoti. Yameuma, lakini nilipiga. Nikanusa, nikasema bado. Hakubisha, akamwaga. Akajaza, nikanusa, nikasema bado. Ya tatu nilinusa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hapakuwa na kitu tena, maji tu na ubaridi wa chuma. Nikasema kwa sauti, "Sasa, Baba Godi. Tuondoke."

Rajabu akainama chini ya gari kutafuta spana. Spana ilikuwa mkononi mwake.

Wewe na uongo wako wa chuma tutaongea ukifika, baada ya kula. Tumbo limeanza kutulia. Mwambie Elinipendo nitamfundisha kunusa, wewe sikukufundisha kwa sababu hukutulia. Tangi sasa ni tupu, koki zote ziko wazi likauke. Njooni mlijaze.

Mama yako,
Salvina